"Bank" ya mto, ya fedha na ya safu: jinsi ya kujua ipi iko mbele yako

Tazama ramani ya London. Katikati ya mji kuna kituo cha treni za chini ya ardhi kiitwacho Bank, jirani na Benki Kuu ya Uingereza. Ukivuka mto Thames unafika mtaa wa Bankside, na ukiufuata mto kuelekea magharibi unafika South Bank. Rudi tena upande wa kaskazini utakuta kituo kingine, Embankment. Majina manne, na yote yana "bank" ndani yake, lakini ni moja tu linalohusu fedha. Mengine matatu yanahusu udongo: kando ya mto, upande wa kusini wa mto, na tuta kubwa ambalo mhandisi Joseph Bazalgette alilijenga kuubana mto na kupitisha bomba la majitaka ndani yake, likafunguliwa mwaka 1870.

Msomaji wa Kiingereza anaweza kuliruka tatizo hili, kwa sababu macho yake yanaona neno na akili inaendelea. Anayetafsiri, anayefundisha au anayefuata maelekezo ya kiufundi hana nafasi hiyo. Lazima aandike ukingo, au benki, au safu, au tuta, au fungu, na kila moja linafunga mlango kwa mengine. Kamusi humpa orodha ndefu ya maana zilizopangwa kwa namba, naye akiwa na haraka huchukua ya kwanza. Orodha hiyo haihitaji kukaririwa. Maana karibu zote za "bank" zinatoka katika picha tatu: mteremko wa udongo, meza ya mbadili fedha, na benchi la wapiga makasia. Ukiitambua picha, neno la Kiswahili hujileta.

Asili tatu, mzizi mmoja

Yenye umri mkubwa zaidi katika Kiingereza ni ya udongo. Waingereza wa kale walikuwa na maneno yao ya ukingo wa mto, mojawapo likiwa "stæth". Kisha wakaja watu wa Skandinavia, wakakaa kaskazini na mashariki mwa Uingereza, na neno lao likaenea mpaka likaonekana katika maandishi ya Kiingereza kuanzia karne ya 13 hivi. Katika Kidenmaki "banke" bado ni kilima. Kaskazini mwa Uingereza nako, "bank" huweza kuwa mlima mkali tu, pasipo mto wowote: Sutton Bank ya Yorkshire ni genge refu lenye barabara inayopanda kwa shida. Kwa hiyo kiini cha tawi hili ni ardhi iliyoinuka yenye ubavu unaoteremka. Maji si sharti.

Ya fedha ilizunguka mbali zaidi. Makabila ya Kijerumani yalikuwa na neno la benchi; Waitalia wakalichukua na kulifanya "banca" au "banco", wakilitumia kwa meza ambayo mbadili fedha alipanga sarafu zake. Mwishoni mwa karne ya 15 Kiingereza kililipokea, Kifaransa "banque" kikiwa sehemu ya njia hiyo. Maana ikapanda hatua kwa hatua: kutoka meza hadi biashara inayofanyika mezani, hadi taasisi, hadi jengo. Benki Kuu ya Uingereza ilipoanzishwa mwaka 1694, meza ilikuwa imeshasahauliwa. Wagiriki walifika mahali pale pale kwa njia yao wenyewe: "trapeza" kwao ilikuwa meza, na hadi leo ndilo neno lao la benki.

Ya safu ilitoka Kifaransa cha kale, "banc", yaani benchi. Katika merikebu za makasia wapigaji waliketi kwenye mabenchi, na mstari mzima wa makasia ukaitwa "bank of oars". Merikebu ya Kigiriki ya aina ya triremi ilikuwa na safu tatu kila ubavu, moja juu ya nyingine. Toka hapo neno likahamia kwenye vinanda vikubwa vya kanisani vyenye safu kadhaa za vitufe, kisha kwenye mashine, swichi, taa na lifti.

Nyuma ya yote matatu kuna mzizi mmoja wa Kijerumani, ambao pia uliingia Kiingereza moja kwa moja na kuzaa "bench". Hivyo maneno yetu benki na benchi ni ndugu wa mbali. Ni vizuri kulijua hili, lakini lisikudanganye: mzizi kuwa mmoja hakufanyi maana kuwa moja. Ndiyo sababu kamusi kubwa huyaandika kama maneno tofauti, kila moja likiwa na namba yake ndogo. Ukiona namba hizo, usisome mlolongo wote. Tafuta kwanza namba ya tawi lako, ndipo uteremke kwenye maana.

Mto au fedha

Hapa ndipo wengi huanzia, na kwa kweli ndipo pepesi kuliko pote. Angalia kihusishi kwanza. Mtu huwa "on the bank" ya mto, lakini "at the bank" au "in the bank" akiwa penye fedha. Kisha angalia kitenzi na kivumishi: mwinuko, kuporomoka, kumomonyoka, majani na matope ni vya udongo, kufungua, kukopesha, kudai riba na kufilisika ni vya fedha. Kihusishi peke yake hakitoshi, kwa sababu ndege na panya huchimba mashimo "in the bank", na hapo ni ndani ya udongo wa ukingo.

Ukishajua kwamba ni udongo, bado kuna chaguo la pili, nalo ndilo hukosewa zaidi. "Bank" ya mto, mfereji au bwawa ni ukingo. Kwa ziwa na bahari Kiingereza hupenda "shore", nasi tuna ufuo na pwani. Lakini "bank" ikitajwa baharini, haiko ufukweni kabisa. Dogger Bank ya Bahari ya Kaskazini na Grand Banks za karibu na Newfoundland ni sehemu za sakafu ya bahari zilizoinuka hata maji juu yake yakawa ya kina kifupi, na zote mbili zina sifa ya uvuvi. Kuandika ukingo hapo ni kumpeleka msomaji nchi kavu ilhali wavuvi wako mbali baharini. Neno lake ni fungu. Kama ni la mchanga, fungu la mchanga.

Pande za mto zina kanuni yake. "Left bank" na "right bank" huhesabiwa ukiwa umeelekea maji yaendako, si unakotazama wewe wala upande wa ramani. Mto Seine ukipita Paris huelekea kwa ujumla magharibi, kwa hiyo ukingo wa kushoto ndio upande wa kusini wa mji. Mtafsiri anayechora ramani bila kujua kanuni hii hugeuza mji mzima.

"West Bank" ni ukingo wa magharibi wa mto Yordani, na vyombo vya habari vya Kiswahili vimekwishaamua vyema: Ukingo wa Magharibi. Programu za kutafsiri, zikipewa sentensi fupi isiyo na muktadha, huweza kulifanya Benki ya Magharibi, hasa pale herufi kubwa zinapofanana na za jina la taasisi. Herufi kubwa haziamui chochote hapa. "World Bank" na "West Bank" zimeandikwa kwa mtindo ule ule.

Na pale Kiingereza kinaposema mto "burst its banks", usivunje kingo yoyote. Mto umefurika. Kingo zenyewe huenda ziko nzima kabisa, maji yamepita juu yake. Kama habari inasema wazi kuwa tuta limebomoka, hapo ndipo utaje kubomoka.

Neno linalofuata "of"

Umbo la "bank of" ndilo linalokusanya matawi yote matatu mahali pamoja, na kipimo chake ni kirahisi kukitumia: tazama nomino inayofuata.

Ikiwa ni jina la mahali au taasisi, ni fedha. Ikiwa ni kitu kisichohesabika, kama udongo, theluji, mawingu au ukungu, ni picha ya mteremko: kitu kimerundikana kikasimama kama ukuta. "A bank of fog" si safu ya ukungu. Ni ukungu mzito uliosimama mbele yako, na kwa nahodha tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa safu ina nafasi katikati ilhali ukuta hauna. Ikiwa ni vitu vinavyohesabika, vya aina moja, katika wingi, kama swichi, skrini, lifti au taa, basi ni safu.

Kipimo hiki kinashindwa mahali pamoja ambapo ni vyema kupajua mapema. Mwalimu akiandika "a bank of questions", maswali yanahesabika, lakini hayajapangwa mstari. Yamewekwa akiba ili yatolewe yanapohitajika, na hilo ni tawi la fedha. Andika benki ya maswali au hazina ya maswali. Kwa hiyo baada ya kutazama nomino, jiulize swali moja zaidi: vitu hivi vimekaa pamoja kwa sababu ya mpangilio, au kwa sababu vinangoja kutolewa?

Safu: mfano wa injini

Tawi la safu linaonekana dogo, lakini ndilo lenye gharama kubwa likitafsiriwa vibaya, kwa sababu linaishi kwenye vitabu vya ufundi. Chukua injini ya V6. Silinda zake sita zimegawanyika safu mbili za silinda tatu tatu, zikiegemea pande mbili za herufi V. Kila safu ni "bank". Kompyuta ya gari inapogundua hitilafu hutoa msimbo, na maelezo ya msimbo hutaja safu: P0171 husema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko inavyotakiwa kwenye "Bank 1", na P0174 husema jambo hilo hilo kwenye "Bank 2". P0131 ni umeme mdogo kutoka sensa ya oksijeni (kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi) namba 1 ya safu ya kwanza; P0151 ni sensa kama hiyo ya safu ya pili.

Anayeandika Benki 1 hapo anamwacha fundi gizani. Anayejaribu kusaidia kwa kuandika upande wa kushoto anafanya vibaya zaidi. Safu ya kwanza ni ile yenye silinda namba 1, na upande ilipo hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Fundi akiamini kushoto na silinda namba 1 ikawa kulia, atafungua sensa nzima, ataweka mpya, atafuta msimbo, na baada ya gari kutembea kidogo msimbo utarudi. Tafsiri salama ni Safu ya 1, na mara ya kwanza inapotajwa ongeza maelezo mafupi: safu yenye silinda namba 1. Injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja kwa kawaida ina Safu ya 1 pekee, kwa hiyo msimbo wa safu ya pili kwenye gari la namna hiyo ni dalili kwamba msimbo umesomwa au umenakiliwa vibaya.

Sensa nazo zina namba zake, tofauti na za safu. Namba 1 iko kabla ya kichujio cha moshi ("catalytic converter"), kuelekea injini; namba 2 iko baada yake. Ukichanganya "Bank 2 Sensor 1" na "Bank 1 Sensor 2", umetaja vifaa viwili tofauti vyenye kazi tofauti.

Kutunza neno safu kuna faida nyingine katika utambuzi. Misimbo P0171 na P0174 ikitokea kwa pamoja, safu zote mbili zina tatizo moja, na chanzo chake huwa kwa kawaida ni kitu zinachoshiriki: hewa inayovuja kwenye njia ya kuingizia, sensa chafu ya kupima hewa, au shinikizo dogo la mafuta. Ukitokea mmoja tu, unaanza kutafuta upande huo. Msomaji ambaye tafsiri yake haikutenganisha safu hawezi kufikiri hivyo.

Tawi la fedha lisiloitwa benki

Mahali pa kuweka na kutoa kitu, benki linafaa hata pasipo fedha. Daktari Bernard Fantus wa hospitali ya Cook County, Chicago, ndiye aliyeita hifadhi ya damu "blood bank" mwaka 1937, na benki ya damu limekaa vizuri katika Kiswahili. Benki ya chakula, ambayo John van Hengel aliianzisha Phoenix, Marekani, mwaka 1967, nayo inaeleweka.

Lakini "bank holiday" si likizo ya benki. Ilitokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1871, iliyozifunga benki siku fulani, na kwa kuwa biashara haiwezi kwenda bila malipo, nchi nzima ikapumzika. Andika sikukuu ya umma. "Break the bank" si kuvunja benki wala kuiibia: imetoka kwenye kamari, mchezaji aliposhinda fedha zote zilizotengwa na mwenye mchezo. Sasa hutumiwa kwa kukanusha zaidi, kwamba kitu fulani hakitakufilisi. "Piggy bank" ni kibubu, hata kama hakina umbo la nguruwe.

"Bankrupt" inastahili uangalifu. Kwa Kiitaliano ilikuwa "banca rotta", meza iliyovunjika. Tahajia ya "rupt" iliingia kwa mvuto wa Kilatini. Picha hiyo ni tamu, lakini usiilete katika tafsiri: aliyefilisika ni muflisi. Kinachohitaji kuchaguliwa ni kati ya "insolvent" na "bankrupt". Ya kwanza ni hali ya kushindwa kulipa madeni; ya pili ni hali iliyothibitishwa kisheria. Nchini Uingereza "bankruptcy" ni ya mtu binafsi, na kampuni hupitia taratibu nyingine, kama vile ufilisi. Marekani neno hilo hushika kampuni pia. Katika mkataba, angalia unatawaliwa na sheria ya nchi gani kabla ya kuandika.

Watoto wengine wa benchi hilo hawana shida: "banquet" ni karamu, na "mountebank", aliyepanda juu ya benchi kuuza dawa za uongo, ni tapeli. "En banc" katika mahakama za Marekani ni majaji wote wa mahakama hiyo, au jopo lao kubwa, kuketi pamoja badala ya jopo la kawaida la watatu. Benki haimo hata kidogo.

Inapokuwa kitenzi

Kitenzi huchukua tawi lake kutoka kwa mtenda na mtendwa. Mtu "banks" hundi: ameiweka benki. Mtu "banks on" jambo: analitegemea, na kihusishi "on" ndicho kinachoamua. Ndege "banks": inalala upande, bawa moja likishuka na jingine likipanda, na huo ni mteremko. Wengi huandika ndege iligeuka, na mara nyingi haileti madhara, lakini katika maandishi ya urubani kulala na kugeuka ni mambo mawili. Ndege inayozunguka bila kupoteza kimo huku imelala digrii 60 hulazimisha mabawa kubeba mara mbili ya uzito wake. Namba hiyo ni ya pembe ya kulala. Ukiiita pembe ya kugeuka, hesabu yote inapotea. Barabara au njia ya mbio ikiwa "banked", upande wa nje wa kona umeinuliwa.

Moto ukiwa "banked" haukuzimwa. Makaa yamevumbikwa kwa majivu ili hewa iyafikie kidogo, yaungue polepole na kukutwa hai asubuhi. Kuandika kuzima hapo ni kupindua maana, na katika riwaya huharibu tukio linalofuata, pale mtu anapochokoa majivu na kuwasha upya. Mpira wa kikapu "banked" umegongeshwa ubaoni kabla ya kuingia. Ni urithi wa meza ya biliadi, ambayo kingo zake zilizoinuka ziliitwa "banks".

Pale matawi yanapogusana

"Power bank" ni akiba unayochaji na kutoa, tawi la fedha bila shaka, na pawabanki ndilo neno linaloeleweka. "Battery bank" katika mfumo wa sola ni betri kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja. Zinahifadhi umeme, ni kweli, lakini maelekezo yakieleza nyaya na volti, kinachozungumziwa ni mpangilio: betri nne za volti 12 zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 48, na zikiunganishwa sambamba hubaki volti 12 huku uwezo wa kuhifadhi ukiongezeka mara nne. Seti ya betri au safu ya betri humsaidia anayeunganisha. "Memory bank" vivyo hivyo: kwenye kitabu cha vifaa vya kompyuta ni kundi la chipu zinazosomwa pamoja, lakini mwandishi wa hadithi akimpa roboti "memory banks" zilizojaa nyuso za watu aliowahi kukutana nao, andika hazina ya kumbukumbu.